Jora la Tatu

Kitu cha kwanza nilichogundua asubuhi ile ni kwamba mjomba hakumtukana Redio.

Redio alikuwa amefunga kamba kutoka kigingi hadi kigingi ili tupate ukingo wa uwanja, na kamba ilikuwa imepinda waziwazi. Siku nyingine mjomba angeshika kiuno na kuuliza kama kamba hiyo imelewa. Siku hiyo aliivuka tu, akasema, "Sawa, tuendelee." Nilibaki nyuma yao, nikakisogeza kigingi mahali pake, nikanyamaza.

Kunyamaza ndiyo kawaida yangu. Redio, aliyepewa jina hilo kwa sababu hazimiki, huniita Bi Kimya. Yeye huchanganya gundi, mimi hufagia na kumwaga mchanga. Mjomba, kaka yake mama, ndiye fundi. Nyasi bandia hulazwa kwa amri yake.

Nyumba ilikuwa ya mama mmoja mwenye wavulana wawili. Kwa sababu ya mpira wao, ua wa nyuma ulibaki vumbi tupu.

"Nimeotesha nyasi za kweli mara mbili," alituambia, akiwa mlangoni pa jiko na taulo begani. "Hawa wanangu ni mbuzi. Sasa nataka nyasi zisizokufa."

"Hizi hazifi, mama," Redio alisema. "Hata wakizikojolea hazikui."

"Wewe!" mjomba alimkemea, lakini mama alikuwa ameshacheka.

Wiki iliyotangulia tulimwaga kokoto na vumbi la mawe, tukashindilia mpaka ardhi ikawa ngumu kama sakafu. Kazi iliyobaki ilikuwa kulaza majora manne ya nyasi, kuyaunganisha kwa gundi, na kufagilia mchanga mkavu katikati ya majani. Inaonekana rahisi. Shida ni kwamba majani ya nyasi bandia yote hulalia upande mmoja. Ukilaza jora moja kinyume na wenzake, linaonekana rangi nyingine, na uwanja unakuwa kama suruali yenye kiraka.

Kiwandani huchora mishale mgongoni mwa jora ili fundi asikosee. Mjomba hakuitazama kamwe. "Mishale ni yao, macho ni yangu," alipenda kusema. Alikuwa anasimama mwisho wa ua, anakunja uso, anaangalia jinsi mwanga unavyoteleza juu ya majani, kisha anatuambia tukunjue kuelekea wapi. Tangu aanze kunichukua kazini sikuwahi kumwona akikosea.

Nilikuwa nashuka ngazi za jikoni na ndoo ya maji nilipoliona jora la tatu. Mawili ya kwanza yalikuwa na kijani cha kung'aa. La tatu lilikuwa limekoza, kama limenyeshewa peke yake. Redio alikuwa ameinamia kopo la gundi, hakuona. Mjomba alikuwa amepiga magoti kwenye kiungo, mwiko mkononi.

Gundi ile ikishika, haiachi. Tungelazimika kukata, na hatukuwa na jora la akiba. Mama naye alisimama palepale mlangoni, akieleza kwamba dada yake pia anataka uwanja. Ningepaza sauti, angesikia kwamba fundi amekosea.

Niliweka ndoo chini, nikaenda nikakaa katikati ya jora la tatu.

"Bi Kimya, umegoma?" Redio aliuliza. "Au unasubiri chai?"

"Inuka, mwanangu," mjomba alisema. "Gundi iko tayari."

Nilitikisa kichwa. Alinisogelea, akachuchumaa. Nilimshika mkono, nikaupitisha juu ya jora la pili, majani yakalala chini ya kiganja. Nikaupitisha vilevile juu ya la tatu, majani yakasimama yakachoma. Akarudia mwenyewe, polepole. Kisha alinitazama, lakini macho yake yalitua pembeni kidogo ya sikio langu.

"Redio," alisema kwa sauti ya kazi, "peleka gundi kivulini. Jora hili tunaligeuza."

Redio alifungua mdomo, akaliona, akaufunga. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

"Kuna tatizo, fundi?" mama aliuliza.

"Hakuna, mama. Nyasi nazo zina kichwa na miguu, kama mgeni kitandani."

Tuliligeuza, tukaunganisha, tukafagia mchanga mpaka mabega yakauma. Wavulana waliporudi kutoka shule walivua viatu na kujiangusha makusudi, mmoja juu ya mwenzake. Mama yao aliwagombeza huku anatabasamu.

Tukiwa bombani tunanawa, mjomba aliniambia kwa sauti ndogo, "Jua la leo lilikuwa kali."

"Ndiyo, mjomba."

"Lilinipiga usoni."

"Ndiyo, mjomba."

Nilikuwa nimeitikia hivyo kwa miezi. Alipomwaga mchanga kando ya ndoo, niliitikia kwamba upepo umezidi. Aliposalimia koti lililotundikwa mlangoni akidhani ni mkewe, niliitikia kwamba amechoka. Mkewe aliniuliza, nikaitikia kwamba hajambo.

"Basi kesho asubuhi kwa dada yangu?" mama alisema akitusindikiza.

"Kesho asubuhi," mjomba alijibu bila kusita.

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya nyumba. Tulipakia vifaa kwenye pikapu, Redio akapanda nyuma na kuanza kusimulia jambo lisilo na mwisho. Leseni anayo, ila mjomba hajawahi kumwachia mtu usukani wake. Alitoa ufunguo, akaupeleka mlangoni, ukakwaruza rangi. Akajaribu tena, akipapasa tundu kwa kidole cha mkono wa pili.

Badala ya kuzunguka kwenda upande wangu, nilisimama mbele ya mlango wake.

"Vipi, mwanangu?"

"Mjomba, huoni. Mpe Redio ufunguo. Na kesho hatuendi kazini, tunaenda kwa daktari wa macho."