Msamaha Uliochekesha Mysuru

Mume wangu, Venkobarao, alikuwa na duka la vitabu adimu karibu na mnara wa saa pale Mysuru, kusini mwa India, na kila Jumapili gazeti moja la mjini lilichapa safu yake ya dhihaka. Aliwacheka mawaziri, wacheza kriketi na harusi za matajiri. Watu walisoma wakinywa kahawa, wakacheka, wakasahau.

Kisha Rudrakumar akatangaza kugombea ubunge. Huyu ni nyota wa sinema. Katika filamu yake mpya alicheza mungu, na nadhani hakushuka tena. Mashabiki wake walisimamisha bango lake, refu kuliko jumba la sinema lenyewe, wakapanda ngazi na ndoo, wakalimwagia maziwa kichwani kama wafanyiwavyo sanamu za miungu hekaluni. Venkobarao akaandika kwamba hatimaye tumepata mgombea anayekunywa maziwa ya watoto wetu hadharani. Wenzake wote hunywa kwa kificho.

"Baba Malini," nilimwambia, "hiyo ya maziwa itoe."

"Ndiyo inayochekesha."

"Kwani mimi nasema nini? Itoe."

Hakuitoa.

Jumatatu simu zikaanza. Sauti nisizozijua ziliuliza kama mimi ndiye mkewe, kisha zikakata. Moja ilinitajia rangi ya sari niliyovaa asubuhi ile nikinunua maua. Nilifunga madirisha, nikaketi jikoni na kitunguu ambacho sikukimenya.

Tulikwenda polisi. Ofisa alitupa viti, akatuagizia chai. "Mzee, omba msamaha yaishe," alisema. "Askari wangu unawaona hapo nje. Mashabiki wake umewaona?"

Basi tukajirekodi video ya kuweka mtandaoni. Mimi nilishika simu kwa mkono mmoja, na kwa mwingine nikamshika yeye, pasipoonekana. Alisema, "Naomba radhi. Rudrakumar ni mtu mkubwa. Bango lake ni kubwa. Maziwa ni haki yake, na mwenye kasoro ni mimi." Jasho lilimtiririka mpaka kwenye miwani. Hakuna neno alilolisema kwa utani.

Kufikia jioni mji mzima ulikuwa hoi kwa kicheko. Maisha yake yote watu walijifunza kwamba Venkobarao akimsifu mtu, anamtukana. Rafiki yake alipiga simu. "Anna, kaka yangu, umewamaliza! Na lile jasho ulilipataje?"

"Sikuigiza, bwana wee. Naogopa."

Yule rafiki akacheka mpaka akakohoa.

Kesho yake adhuhuri wakaja dukani, wanaume wengi, wamebeba makopo ya maziwa. Kiongozi wao, Puttaraju, mwenyekiti wa chama cha mashabiki, alizungumza kwa upole, na upole ule ndio ulionitisha zaidi.

"Amma, mama yetu, wewe kaa pale."

Palikuwa na rundo la vitabu sakafuni. Nilikaa juu yake, nikatandaza sari yangu pande zote.

Akamgeukia mume wangu. "Anna, jana tulikuwa tayari kukusamehe. Kwa nini ukatucheka tena?"

"Sikucheka. Naapa kwa mama yangu."

"Mnamwona? Hata sasa anacheka."

Hakuwa akicheka. Midomo ilikuwa ikimtetemeka.

Puttaraju alichukua kitabu mezani, kimoja kilichochapwa Mangaluru na wamishonari zamani za Waingereza. "Hiki bei gani?"

"Hakina bei. Sijawahi kukiona kingine."

Akakifungua katikati, taratibu, kama mtu anayetaka kusoma, akamimina. Wenzake wakaenda rafu kwa rafu. Mume wangu alisimama ameunganisha viganja, akirudia "radhi, radhi," na kijana mmoja akimrekodi. Maziwa yalitambaa sakafuni yakanifikia miguuni. Nikavikusanya vile vitabu kwa mapaja, nikiwaza: wakiniambia nisimame, tumekwisha. Hawakuniambia. Mmoja hata aliniomba samahani aliponikanyaga.

Vilivyopona ni vile nilivyovikalia, na baadhi yake ni vya mapishi tu. Harufu ya maziwa yaliyochacha haikutoka dukani, na wateja hawakurudi. Tukahamia Udupi kwa dada yangu. Rudrakumar alishinda.

Huku Udupi Venkobarao alijaribu kuandika kuhusu kilimo cha minazi, basi. Wasomaji wakaanza kuulizana mnazi uliopinda ni waziri gani. Mhariri akapiga simu, sauti imemkauka, akamsihi apumzike. Akapumzika.

Siku hizi baada ya chakula cha mchana husoma habari, kisha huniinamia sikioni na kuninong'oneza utani wake. Mimi huziba mdomo kwa upindo wa sari. Juzi alinipata vibaya, kicheko kikanitoka kwa sauti. Tulinyamaza papo hapo, tukashikana mikono, tukasikiliza. Pikipiki ilipunguza mwendo langoni. Ikasimama kidogo, kisha ikaenda zake.