Kitanda cha Ushahidi

Mjinga siku ile nilikuwa mimi. Nasema mapema, majirani wasije wakanitangulia.

Nilikwenda mahakamani kudai binti yangu ahamie kwangu, nikidhani kesi ya malezi ni ngumi, mwenye kelele ndiye mshindi. Nimevaa suti, nimekumbatia faili: kurasa arobaini za maovu ya mama yake. Tulivyokaa kwenye benchi la korido saa tatu nzima, wakili wangu akalipima faili mkononi kama anayenunua nyama.

"Bwana mkubwa, humu mtoto yuko ukurasa gani?"

"Mtoto baadaye. Kwanza mama yake aumbuke."

Akanirudishia, akapiga mwayo.

Tulipoingia, hakimu, mama mtu mzima mwenye miwani iliyoteremka hadi ncha ya pua, faili langu hata hakuligusa. Alishika ripoti ya afisa ustawi wa jamii, dada mpole aliyekuja wiki iliyopita kukagua nyumba yangu. Hapo nikajinyoosha. Chumba cha mtoto nilikiandaa kwa mikono yangu: pazia la vipepeo, mdoli dirishani, na kitanda nilichoazima kwa jirani, nikakipiga rangi ya waridi.

"Afisa anasema kitanda ni kizuri," hakimu akasema.

Nikamtupia mama mtoto jicho la umeona sasa. Yeye kashika mkoba wake mapajani.

"Anasema pia alikipima. Urefu futi tatu na nusu, na kina vizuizi pembeni, mtoto asidondoke. Baba, binti yako ana miaka mingapi?"

"Bado mdogo, mheshimiwa."

"Sikuuliza udogo. Mingapi?"

Nikamtazama wakili. Wakili akatazama feni.

"Sita… kwenda saba."

"Cheti cha kuzaliwa ulicholeta mwenyewe kinasema tisa."

Nyuma yangu mtu akakohoa kikohozi kisicho cha mafua. Jasho likanishuka hadi kwenye tai. Na mfa maji haachi kutapatapa: nikasimama.

"Mheshimiwa, naonewa! Miaka mitano nimewekwa mbali na damu yangu! Kosa la futi mbili tatu ndiyo niitwe mwongo? Muulizeni huyu mama, aseme kama nadanganya!"

Hakimu akavua miwani. "Mama mtoto, alitudanganya kwa kile kitanda?"

Mama mtoto akasimama taratibu.

"Hapana, mheshimiwa. Kinamtosha kabisa yule mtoto aliyemwacha."