Nusu Sekunde ya Reijo Pelkonen

Mimi ni mtu wa haraka, na sijawahi kuona haya kwa hilo. Foleni ya kahawa ikiwa na watu watatu, naghairi kahawa. Ndiyo maana rafiki zangu wa hapa mjini Oulu walicheka niliposema nimekubali kumrithi Reijo Pelkonen.

Reijo alikuwa mtunzaji wa waifai katika mfumo wetu wa kompyuta, ule usio na mwenyewe, unaoandikwa na watu wa kujitolea mia moja na ushei, kila mmoja kwake, na kugawiwa bure. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kadi yoyote ya redio, kile kifaa kinachonasa waifai, iwe ya mwaka huu au ya zama za babu, inashika mtandao kwenye kompyuta yenye mfumo huo. Aliifanya miaka kumi na tisa. Kisha macho yakaanza kufifia, akaandika mistari miwili kwenye orodha yetu ya barua pepe: anaacha, na anayefaa ni Saila Kemppainen. Saila ndiye mimi. Nilifurahi nikaizunguka meza ya jikoni mara tatu.

Wiki iliyofuata likaja boksi kwa posta kutoka Hailuoto, kisiwa anachoishi. Ndani kulikuwa na kadi kuukuu ishirini na tatu, hivyo ndivyo alivyoandika juu ya kifuniko, na chini yake: "Jaribia hizi." Nililisukuma chini ya rafu ya viatu bila kulifungua. Nilikuwa na mambo mengi.

Jambo la kwanza nililoliona katika kazi yake lilinikera. Kabla kompyuta haijaanza kuzungumza na kadi ya redio, Reijo aliiambia isubiri nusu sekunde. Kwa nini, hakueleza hata kwa neno moja. Nusu sekunde! Kwa kompyuta hiyo ni likizo nzima. Nikaifuta. Kompyuta zangu nne, zote mpya, zikashika mtandao kabla sijatoa kidole kwenye kitufe. Nikaweka mabadiliko hayo hadharani siku hiyo hiyo.

Kwetu jambo jipya hukaa wiki mbili likitazamwa. Watu wanaendesha mfumo kama ulivyo siku hiyo, na likiwaharibia wanapiga kelele kwenye orodha, tena kelele za kukutoa jasho. Wasipopiga, limepita. Halafu, kabla toleo halijatoka, mtu wa pili anayeijua sehemu hiyo huandika kibali. Kwa upande wa redio mtu huyo alikuwa mmoja tu, Reijo.

Siku ya tano ikawa kimya. Siku ya tisa, kimya. Nilifungua barua asubuhi, nikafungua nikipiga mswaki, nikafungua kwenye taa za barabarani mpaka wa nyuma wakapiga honi. Wenzangu waliandikiana kuhusu diski na printa kama kawaida, ila kuhusu waifai hakuna aliyefungua mdomo. Nilimwandikia Reijo mara mbili. Hakujibu.

"Mzee amekununia," Jarkko, mume wangu, akasema. "Umemfutia kazi yake, unataka akupigie makofi?"

"Angenuna angeandika. Huyo akinuna anaandika kurasa tatu."

"Basi ameridhika. Mtu akikaa kimya si ndiyo ameridhika? Kaa chini ule, mama. Unanizungukia kama nzi."

"Siwezi kukaa."

"Najua huwezi. Miaka kumi na miwili nakula na mtu aliyesimama."

Siku ya kumi na sita akaandika Annegret wa Leipzig, anayesimamia matoleo. Toleo linatoka Ijumaa saa nane mchana, na kibali cha redio hajakiona. Kisipokuja, sehemu yangu itarudishwa ilivyokuwa, na atatafutwa mtunzaji mwingine. Aliandika kwa upole, lakini maana niliielewa. Nilikuwa nimeitamani kazi ile miaka kumi na mmoja, na ilikuwa Alhamisi.

Namba ya simu ya Reijo sikuwa nayo. Kwetu hatupigiani, lolote la kazi huandikwa kwenye orodha, kila mtu aone. Na kumtokea mtu mlangoni bila taarifa, huku kwetu, ni karibu na wizi. Nililivuta lile boksi kutoka chini ya viatu, nikanakili anwani ya mtumaji, nikawasha gari. Kivuko kilikuwa kimeondoka dakika mbili kabla sijafika. Nilisubiri dakika arobaini, nikishuka garini, nikipanda, nikishuka tena.

Alifungua mlango mzee mrefu mwenye sweta lililotoboka kiwikoni. Akanikazia macho.

"Nani wewe?"

"Saila. Wa redio."

"Kumbe mfupi hivyo," akasema. "Vua viatu, uingie."

Kompyuta yake ilikuwa mezani, kuukuu, na maandishi yake makubwa kiasi kwamba skrini ilichukua mistari minne tu. Aliketi akanionyesha barua zilizokwama zikisubiri kutumwa. Zilikuwa thelathini na moja. Ya kwanza ilikuwa ya siku ile ile nilipoweka mabadiliko yangu, na ilisema: "Saila, umeniulia mtandao."

 Kimya chote kile nilichokitafsiri kwa wiki mbili kilikuwa hiki. Niliowakatia mtandao walikuwa hawana njia ya kuniambia kwamba nimewakatia.

"Ungechomeka waya," nikasema, kwa kukosa la kusema.

"Waya upi? Mtandao naupokea kwa antena kutoka ghala la jirani, mita mia nne. Nimekwenda hadi maktaba. Kompyuta yao inataka nywila ya barua yangu, na nywila imo ndani ya hii hapa. Kwa hiyo nikakaa natafuta kosa mwenyewe, mistari minne minne." Akamimina kahawa, ikamwagikia kisosi. "Zile kadi zangu zilisemaje?"

"Sijalifungua boksi."

Aliifuta kahawa kisosini kwa mkono wa sweta. Nilitamani anitukane.

"Nikuulize," akasema. "Umekuja kunijulia hali, au umekuja kutafuta kibali?"

Ningeweza kudanganya, hakuna ambaye angejua.

"Kibali," nikasema.

"Haya. Angalau si mwongo. Sogeza kiti."

Tulikaa bega kwa bega. Nilimwonyesha mstari nilioufuta, akasogeza pua hadi ikagusa skrini.

"Mjinga gani aliweka hii bila kueleza?"

"Wewe."

"Mimi?" Alicheka mpaka akakohoa. "Ndiyo, mimi. Kadi za zamani zinachelewa kuamka. Usipozisubiri zinalala moja kwa moja. Nilidhani kila mtu anajua."

Niliirudisha nusu sekunde yake, kwa kadi za zamani tu, na juu yake nikaandika sababu kwa mistari mitano. Aliniongezea wa sita. Tukawasha upya. Nilihesabu kimoyomoyo, na kwa mara ya kwanza sikutaka kuiharakisha. Taa ya antena ikawaka, na barua thelathini na moja zikaanza kutoka moja baada ya nyingine. Nikayaweka marekebisho hadharani. Ya thelathini na mbili aliiandika polepole, kwa vidole viwili: Annegret, kwa redio natoa kibali.

Nilipaswa kufurahi. Kazi ilibaki yangu, na toleo lingetoka kwa wakati. Lakini nilikuwa nimesimama sebuleni kwa mzee wa miaka sabini na minne, anayeishi peke yake, aliyekuwa kimya siku kumi na sita. Tuko mia moja na ushei kwenye orodha ile, na wote tulichukulia kwamba ameridhika. Kama Annegret asingeandika, mimi pia nisingekuja. Hilo lilinichoma, na linanichoma hadi leo.

"Reijo," nikasema, viatu vikiwa mkononi, "nipe namba yako ya simu."

Akafikiri. Akaenda kwenye jokofu, akaitafuta kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni, akasogeza pua kuisoma.

"Huwa siikumbuki," akasema. "Haijawahi kuulizwa."