Mama Mkwe Hakugusa Chaza

Mama Lianzhu alianza kupika tangu alfajiri, na mtaa mzima wa Huixin, hapa pwani kwetu, ulijua, maana sote tulikuwa jikoni kwake tukimsaidia kuonja. Mama Jincheng alikuwa anashuka na ndege kutoka Linxia, bara kabisa, kuja kumposea mwanawe binti wa nyumba hiyo, Lianzhu. Meza ikabeba kaa wa tangawizi, kamba wa kitunguu saumu, na chaza wanono, sinia zima.

Mgeni akasalimia, akakaa kando ya mwanawe Jincheng, akatabasamu. Akala wali mtupu.

"Karibu mkwe, chukua chaza," Mama Lianzhu akambembeleza.

"Nashukuru, dada. Wali wenu mtamu."

Wali! Majirani tukakanyagana miguu chini ya meza. Mtaani kwetu, mama wa bwana asipogusa kitoweo cha ukweni, watu hawangoji aseme kwamba binti hatakiwi. Lianzhu akainama, machozi yakimlengalenga. Mama yake akashindwa kuvumilia.

"Mkwe, kama mwanangu hakufai, sema. Usinisusie chakula mbele za watu."

"Hanifai nani? Ya Rabi!" Mgeni akaweka vijiti chini. "Dada, sisi ni wa madhehebu ya Hanafi. Cha baharini tunakula samaki tu. Nilinyamaza nisikuaibishe mezani kwako."

"Na sisi Shafii! Kwetu vyote vya baharini halali!" Mama Lianzhu akamgeukia Jincheng. "Na wewe! Mwaka mzima unakuja hapa, nikikupa kaa unasema umeshiba!"

"Niliogopa kunyimwa mke, mama."

"Mwoga wee! Na kamba je, mkwe?"

"Hao maulamaa wetu wenyewe bado wanabishana. Nawangoja wamalize."

Tulicheka hadi bakuli zikagongana. Nikakimbia nyumbani, nikampokonya mume wangu samaki wa kukaanga alipokuwa ndiyo kwanza anamkodolea macho, nikampeleka mezani. Mgeni akamla hadi kichwa.

Lakini Lianzhu alikuwa bado kainama. Mama Jincheng akamwona. Akachagua chaza mkubwa kuliko wote, akamchomoa kwenye gamba, akampelekea binti mdomoni kwa mkono wake mwenyewe.

"Kula, mwanangu. Kwenu halali. Ukija Linxia ni kondoo asubuhi, kondoo jioni, basi shiba kabisa kabla ya harusi. Tufanye baada ya Idi?"

Lianzhu alikuwa na chaza mdomoni, hakuweza kujibu. Akaitikia kwa kichwa, tena na tena, mpaka mchuzi ukamchuruzika kidevuni.