Supu ya Wastani

Usiku wa jana niliota nimepika utafiti wangu. Ulikuwa unachemka kwenye sufuria, na sufuria ilikuwa inanitazama vibaya.

Wakunga bingwa ninaowahoji kwenye utafiti huo walikuwa mezani, kila mmoja amejifunika kitenge kichwani, maana niliwaahidi kwamba hakuna atakayemjua mwenzake. Duru ya kwanza walijibu swali: mama aliyejifungua aruhusiwe lini kwenda nyumbani? Sasa ilikuwa duru ya pili, nawapa mrejesho. Kila bakuli nilitia kipande cha Wastani, yaani wastani wa majibu yao yote.

Wastani mwenyewe alikuwa amekalia kiti changu cha ofisini, amevaa suti. Mnene si mnene, mrefu si mrefu.

"Wapakulie mimi tu," anasema. "Mimi nawatosha."

Kitenge cha njano kinaonja, kinaweka kijiko chini.

"Mwanangu, humu mimi simo. Nilisema mama asitoke kabla hajakojoa, nikaeleza na kwa nini. Maelezo yangu yako wapi?"

"Ulikuwa peke yako, mama," Wastani anamjibu. "Mtu mmoja hajazi bakuli."

Kitenge cha njano kinanyanyuka, kinafungua mlango wa jiko. Nje ni wodi. Kina mama wamepakata vichanga wanangoja ruhusa, na mmoja amejishika tumbo kwa maumivu. Niliogopa sana. Mkunga huyu akitoka, jibu lake linatoka naye, na kina mama wale wataruhusiwa hivyo hivyo.

"Maelezo ya wakunga yako wapi?" naiuliza sufuria.

"Umeyakalia," inanijibu. "Ulisema yatawachosha."

Nainuka. Kweli, nimeyakalia, yangali na joto. Nayatia kwenye mabakuli yote bila majina, na kila mmoja nampa na jibu lake la mwanzo ajilinganishe na wenzake.

Wanakunywa. Halafu kitenge cha bluu kinasema, "Kumbe. Kibofu kikijaa, mji wa mimba hausinyai vizuri, mama anaweza kuvuja damu. Hilo lilinipita. Nabadilisha jibu."

Cha kijani nacho kinabadilisha. Wastani anabeba kiti changu na kuhamia upande wao, bila kinyongo. Kitenge cha njano kinafunga mlango, kinarudi kuketi. Nilishusha pumzi ndefu mpaka nikaamka.

Kwenye simu kulikuwa na ujumbe ulioingia nikiwa bado nimelala. Ulitoka kwa Sista Leokadia, mkunga aliyenyamaza tangu nilipowatumia wastani mtupu. Maelezo nilikuwa bado sijawatumia.

"Naendelea na ninyi, mwanangu. Maelezo yangu nimeyaona. Ila ile supu ilikosa chumvi."