Vizibo vya Mashua ya Kawale

Ndikumana hakuwa na mazoea ya kutembelea Wakongomani wa upande ule wa kambi ya Dzaleka, Malawi. Orpa alipomwona amesimama mlangoni, kofia mkononi, alidhani ameleta habari za msiba.

"Mama Gabriella, nasikia bwana yako alikuwa fundi wa mashua kule Baraka."

"Alikuwa."

Mumewe, Lwaboshi, aliuawa mwaka wa tisini na nane, vita ilipoingia Fizi, kwao Kongo. Huu ulikuwa mwaka wa pili Orpa akiishi kambini kwa kutia viraka nguo za watu.

Ndikumana, Mrundi, seremala wa vitanda na milango, akaeleza shida yake. Alikuwa amepata kazi Lilongwe, mtaa wa Kawale, kwenye ua wa Mmalawi mmoja mwenye mashua ya kupeleka ziwani Salima. Ukingo wote ameuvika mbao mpya nyekundu za mti uitwao mbawa, akazifunga kwa skrubu. Kila skrubu imezama ndani ya tundu lake, na matundu ameyajaza vumbi la mbao na gundi. Mwenye mashua alipoona akasema chombo chake kimepata ndui.

"Bwana yako alikuwa anafanyaje?"

"Alikuwa ananiachia mi," Orpa akasema. "Vile vizibo vya mbao vya kufunika skrubu, njo kazi yangu. Kitu ingine ya mashua sijue."

Ndikumana akageuza kofia mkononi, akafikiri. "Basi tuombe barua ya ruhusa ya kutoka kambini, twende."

Huko Kawale, Orpa alianza kwa kuyasafisha matundu yote. Akamwagiza Ndikumana achonge meno kwenye mdomo wa kipande cha bomba, akifunge kwenye keekee ya kutobolea mbao. Kwa meno hayo walikata vizibo kutoka mabaki ya mbao zilezile, ili rangi isipishane. Orpa alichovya kila kizibo kwenye vanishi, akakigeuza mpaka mistari yake ilale sawa na mistari ya ubao, kisha akakigonga taratibu kwa nyundo ya mti.

"Gundi haishiki zaidi?" Ndikumana akauliza.

"Inashika sana. Siku mtu atataka kutoa skrubu, atapasua ubao."

Orpa alilala kwa muumini mwenzake mtaani hapo. Asubuhi vizibo vilikuwa vimekauka, vimechomoza kama vidole. Akashika patasi. Kwanza alikata juu kidogo, aone mistari inateremkia wapi, ndipo akate kutoka upande ambao kizibo hakitapasuka kuelekea chini. Vizibo ishirini vikaenda vizuri. Mkono ukakumbuka mchanga wa Baraka, mgongo wa Lwaboshi karibu na wake, naye akipiga mluzi. Kizibo kilichofuata Orpa alikikata mara moja, bila kutazama. Kikavunjika chini ya uso wa ubao, kikaacha shimo.

Aliweka patasi chini, akalia. Hakuwa amelia tangu avuke mpaka.

Ndikumana alizunguka upande wa pili wa mashua, akawa anapiga msasa vile vilivyokwisha kukatwa, polepole, mpaka aliposikia Orpa ametulia. Kisha akaja na keekee.

"Hiki nitakitoboa. Utie kingine. Mwenye mashua akiuliza, nitasema nimevunja mi."

Orpa akajipangusa kwa ncha ya kitenge. "Hapana. Sema ni Orpa."

Mwenye mashua alikuja jioni, vanishi ya kwanza imeshapakwa. Ndikumana, kwa Chichewa chake cha kuokoteza, akamwambia kizibo kimoja bado kinakauka, mama huyu alikivunja, naye huyu mama ndiye aliyetia vyote. Yule bwana akapitisha kiganja kwenye ukingo, akarudi nyuma, akapitisha tena.

"Vingine viko wapi?" akauliza.

Orpa akachukua kidole cha bwana huyo akakiweka juu ya kimoja. Mwanamume yule akainama mpaka pua ikakaribia kugusa ubao.

"Zikomo, amayi," akamshukuru kwa Chichewa, wala ndui hakuitaja tena.

Kesho yake walikata kile kizibo cha mwisho, wakarudi Dzaleka. Njiani Ndikumana alikohoa mara mbili kabla ya kusema.

"Mama Gabriella, kuna kitanda cha harusi ninatengeneza."

"Nilikiona," Orpa akasema. "Skrubu zote ziko nje. Nitafutie patasi yangu mwenyewe, nitakuja Jumatatu."