Blaindi za Chumba cha Mama

Wiki tatu baada ya kumzika mama yake, Dobi alikuwa bado hajalia. Si kwamba alijikaza. Alijipapasa ndani kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni, hakukuta kitu, basi akaacha. Pale makaburini, wenzake wakishikiliana, yeye alikuwa akiitazama kola ya shati la kaka yake, ilivyopigwa pasi upande mmoja tu. Kuna waliosema ana roho ngumu. Kuna waliosema ni mshtuko, siku ukimtoka atapiga mayowe mtaa mzima usikie. Aliwasikia wote kama unavyosikia redio ya jirani.

Jina la Dobi alilipata kazini. Miaka kumi na minne alikuwa akifua mashuka ya hospitali, zamu ya usiku, na hakuna doa lililowahi kumshinda. Ndiyo maana ilikuwa aibu kidogo kwamba nyumbani kwake, katika chumba alicholala na mama yake, blaindi za dirishani hazikuguswa na tambara kwa miaka miwili. Vibao vyake vyembamba vya bati vilikuwa vyeupe zamani. Sasa vilikuwa na rangi ya chai iliyopoa. Mama alipopata kiharusi, mkono na mguu wa kulia vikafa ganzi, alisema mwanga unamchoma macho, zifungwe. Zikafungwa. Usiku mjukuu wake alikuja kulala naye. Asubuhi Dobi alirudi kutoka kazini, akamwogesha, akamlisha, akajitupa kwenye kitanda cha pili mle mle gizani.

Jumamosi, siku yake ya mapumziko, Dobi aliamka akazishusha blaindi zile. Hakuwa na mpango nazo. Mikono tu ilitaka kazi.

Wifi yake, mke wa kaka, alimkuta uani amezitandaza juu ya mkeka.

"Hodi, wifi! Nimekuja kukusaidia, na usiniambie hakuna cha kusaidia." Aliinama, akapitisha kidole juu ya kibao kimoja, akakitazama kidole. "Haki ya Mungu, hili si vumbi. Hili limeshafikisha umri wa kwenda shule."

Dobi alitabasamu kwa mdomo tu. Alimpa soksi kuukuu.

"Vaa mkononi. Futa kavu kwanza. Ukianza na maji utapata matope."

Tangu asubuhi hakuwa amesema maneno mengi kuliko hayo. Wifi akavaa soksi, akaketi, akaanza kufuta huku akisimulia habari za mwalimu wa watoto, za jirani aliyenunua jogoo asiyewika, za kaka mtu aliyepika wali juzi ukatoka uji. Hakuwa mtu wa kuacha kimya kitulie. Dobi aliitikia "enhe" na "kumbe" kila palipohitajika, na kazi ikaenda.

Kisha akaleta karai kubwa. Lilikuwa ndilo alilomwogeshea mama. Alilitazama kidogo, akalijaza maji ya uvuguvugu, akatia sabuni ya unga na kifuniko kimoja cha siki. Waliingiza blaindi ya kwanza, wakawa wanasugua kibao kimoja kimoja kwa sifongo, mmoja upande huu, mwingine ule. Maji yakageuka meusi. Wakamwaga, wakajaza tena.

Blaindi ya pili ndiyo ya dirisha lililokuwa karibu na kitanda cha mama. Dobi aliigeuza kwenye mwanga. Karibu na chini, upande wa mto wake wa kulalia, vibao viwili vilikuwa vimekunjika, kimoja kwenda juu, kingine kwenda chini, vikaacha upenyo wa kutosha jicho. Pale hapakuwa na vumbi. Rangi ilikuwa imesuguliwa na vidole mpaka bati linang'aa.

"Wifi, nani amekunja hapa? Watoto wako?"

Wifi aliikamua sifongo yake, akaiweka ukingoni mwa karai.

"Si watoto," alisema. "Ni mama. Kwa mkono wake ule mzima. Ukishalala."

"Mwanga ulikuwa unamuumiza macho."

"Haukuwa unamuumiza, wifi yangu. Macho yake yalikuwa mazima kuliko haya yangu. Jumanne na Ijumaa ukienda sokoni, mimi ndiye niliyekuwa namfungulia. Anatazama barabara wee, anawasema watu. Yule fundi baiskeli wa ng'ambo, alimjua suruali zake zote mbili. Akisikia geti tu, 'Funga, funga, mwenyewe karudi!'"

"Kwa nini?"

"Kwa sababu unafanya kazi usiku, unalala mchana. Alijua akisema dirisha lifungwe ili wewe ulale, utakataa, utasema mgonjwa kwanza. Akaona bora asingizie macho."

Dobi alisubiri kitu kimpate. Aliona povu likipasuka taratibu ndani ya karai. Aliona kucha zake zilivyolainika kwa maji. Kilichokuja kilikuwa kidogo, wala hakikuwa huzuni.

"Sebuleni kuna kochi," alisema. "Mngeniambia ningelala huko. Miaka miwili mtu anakaa gizani, na kochi lipo!"

"Nilimwambia hivyo hivyo. Akasema ukilala sebuleni hatakusikia ukikoroma."

"Mimi sikoromi."

"Wewe? Unakoroma kama mashine ya kusaga! Alisema akikusikia anajua upo, naye usingizi unamchukua."

Wifi alicheka, kicheko kikaenda mpaka katikati, kikamgeukia. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akalia, akijifuta kwa ile soksi aliyoipachika begani, na kila alipojifuta alijichora mstari mweusi shavuni.

"Unajipaka uchafu," Dobi alisema. Alilowesha kitambaa safi, akamfuta uso polepole, kama alivyozoea kumfuta mtu mwingine. "Nyamaza basi, wifi."

"Mimi ndiye wa kunyamazishwa?"

"Sasa tufanyeje."

Walirudi kwenye kazi. Dobi alijaribu kuvinyoosha vile vibao kwa kidole gumba. Kimoja kilikubali. Cha pili kilikatika palepale penye kunjo. Alikichomoa kwenye kamba zake, akaenda kukitupa kwenye pipa.

"Wifi, si ungekitunza?"

"Cha nini?"

Dobi aliifupisha blaindi kwa kibao kimoja, akafunga kamba upya, na ilipokauka hukuweza kujua kama kuna kilichopungua.

Saa tisa walizitundika. Vitanda viwili vilivyotenganishwa na stuli ya dawa vilionekana karibu kuliko alivyodhani. Wifi aliuliza kama azifungue au azifunge, Dobi akamwambia afanye atakavyo. Alizifungua, akabeba kikapu chake, akaenda kwake.

Jioni kaka alipiga simu kumjulia hali.

"Na wewe ulijua habari ya macho ya mama?" Dobi alimuuliza.

Kaka alikohoa. "Nilijua. Alituapisha."

"Haya."

"Umekasirika, dada?"

Alifikiri. "Sijui. Nikijua nitakwambia."

Jumatatu alikwenda kwa msimamizi akaomba zamu ya mchana. Hakutoa sababu, naye hakuulizwa. Kuanzia mwezi mpya akapewa. Ilimchukua siku nyingi kuzoea kuamka na watu wengine.

Kilio kilimjia wiki ya sita, wakati hana hili wala lile. Alikuwa amefungua mashine ya kukaushia, anatoa mashuka yangali na moto, akashtukia uso umelowa. Hakupiga mayowe kama walivyotabiri. Machozi yalitiririka tu, na mikono ikaendelea kukunja, ncha kwa ncha. Msimamizi alimuuliza kama sabuni imemwingia machoni. Alisema hapana. Akaambiwa basi akae kidogo, akakaa juu ya furushi la mashuka kama nusu saa hivi. Yalipokatika aliinuka akamalizia zamu. Nyumbani alikaanga mayai mawili, akayala yote kwa mkate, na akaosha sahani.